Kidonge, Maziwa na Uso Wangu

Pua ndiyo iliyoniaga kwanza, na wala sikujua kwamba imeondoka. Sisi hapa Nambis tunalima vitunguu saumu. Wakati wa kuvuna nyumba nzima inanuka, nguo zinanuka, hata mto wa kulalia unanuka. Mwaka ule nilikuwa nimekaa barazani nafunga vitunguu mafungu, jirani akapita akasema, "Mama Emi, leo harufu yenu imefika mpaka barabarani." Nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikainua fungu zima nikaliweka puani, nikavuta tena, ikawa kama nanusa sahani iliyooshwa. Nikajiambia ni mafua, maana ilikuwa miezi ya baridi na ukungu wa huku kwetu hauna huruma. Mafua hayo sijapona mpaka leo.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali juzi na karatasi yenye neno Parkinson, ameiweka kabatini chini ya vitenge na hajui aanze kumwambia nani. Sitakueleza namna ubongo unavyofanya kazi. Daktari alinieleza mara mbili, na mara zote mbili niliitikia kwa kichwa tu ili nisionekane mjinga. Nitakueleza nilivyokaa na ugonjwa huu mimi mwenyewe, na makosa niliyofanya, mengine ya aibu.

Baada ya pua ulikuja mkono wa kulia. Nilikuwa katibu wa jumuiya, naandika majina ya waliohudhuria sala kila wiki. Majina yakaanza kuwa makubwa mwanzo wa mstari na madogo kama sisimizi mwishoni. Mwenyekiti akaniuliza kama nabana matumizi ya daftari. Kisha bega likakaza. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa ya kuchua, nikachua mpaka ngozi ikawaka, bega likabaki vilevile. Mume wangu, Gwandu, aliniangalia siku moja nikitoka kisimani akasema, "Mama Emi, unatembea kama umebana kuku kwapani." Nikamwambia aangalie kuku wake mwenyewe. Lakini nilipojaribu kuuachia mkono ucheze, haukucheza.

Uso sikuuona, kwa sababu mtu hauoni uso wake. Walioona ni wengine. Vijana walikuwa wakipita njiani, "Shikamoo mama," nami naitikia marahaba, lakini sauti ilikuwa inaishia kooni na uso haukusogea. Mimi nilijua nimeitikia. Wao walijua nimewanyamazia. Huku kwetu kutoitikia shikamoo si jambo dogo, mtu anarudi nyumbani akijiuliza amekukosea nini. Wengine wakaanza kupita njia ya nyuma. Nikamlalamikia Gwandu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, hawasalimii. Gwandu akanitazama usoni, kisha akarudi kwenye jembe lake.

Hapo ndipo ulipofika ugeni wa wakwe.

Binti yetu, Emiliana, alikuwa anashona nguo Katesh. Huko akampata Danieli, mtoto wa wafugaji wa Kibarbaig kutoka tambarare za chini ya mlima Hanang. Niseme ukweli, sikufurahi. Nilimwambia Emi, "Wale watakukamulisha ng'ombe mpaka vidole vipinde." Akacheka. Nami nilikuwa nacheka, lakini nusu. Mtoto ni mmoja, na Katesh nilikuwa nimeshaizoea kuwa mbali. Huko alikotaka kwenda kulikuwa mbali zaidi.

Wakaja, Danieli na baba yake na shangazi yake. Ukoo wao una desturi. Wanakuja na kibuyu kidogo cha maziwa, kimefukizwa moshi mpaka kinang'aa ndani, na mama wa binti anakunywa kabla mgeni yeyote hajakaa. Akinywa, maana yake hana kinyongo, mazungumzo yaanze. Emi alinieleza mapema. Nilikuwa tayari kunywa, hilo naapa.

Baba yake Danieli akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Nilipokipokea, mkono ukaanza. Haukuwahi kutetemeka vile mbele za watu. Maziwa yakamwagika kwenye shuka la mzee na kwenye viatu vyake. Nikaona aibu, nikataka kusema samahani, sauti haikutoka. Nikahofia nikikipeleka mdomoni nitajimwagia kifuani kama mtoto. Nikakiweka chini. Yalimwagika ya juu tu, kibuyu kilikuwa bado kimejaa.

Mzee akanitazama usoni muda mrefu. Sasa najua aliona nini, aliona ukuta. Akafuta kiatu chake kwa kona ya shuka akasema kwa upole, "Hakuna shida. Mama hajawa tayari. Sisi hatuchukui mtoto wa mama ambaye hajawa tayari." Wakasimama nje kidogo na Gwandu, wakaagana, wakaenda. Hata chai hawakunywa.

Emi alinijia jikoni. "Ungesema tu hutaki," akaniambia. "Ungeniambia mimi. Kwa nini umwage maziwa ya watu?"

Nikamwambia ni mkono.

"Na uso je? Uso nao ni mkono?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amekosea kabisa. Kile kinyongo kidogo nilikuwa nacho kweli. Nilianza kujiuliza kama mwili wangu umekwenda kunisema mbele za watu. Emi akarudi Katesh siku ileile, na masika yote yakapita bila kunipigia simu.

Gwandu ndiye aliyenipeleka hospitali. Hakuniomba. Alivaa koti lake la kanisani asubuhi akasema twende. Tulianzia hospitali ya karibu, wakatuandikia kwenda Moshi, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ile, nikuambie, utakaa. Unapewa namba, unakaa, namba inaitwa, kumbe ni ya kupimwa presha tu, unarudi kukaa. Lakini ni kwenye benchi lile nilipumua kwa mara ya kwanza. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Babati, mwalimu mstaafu, mkono wake wa kushoto unatetemeka juu ya goti. Wangu wa kulia unatetemeka juu ya pochi. Akaniangalia, akasema, "Mama, sisi wawili tukishikana mikono tunaweza kuchekecha unga." Nilicheka kwa moyo wote. Uso wangu haukuonyesha chochote, naye vilevile nilimwona hana uso, lakini tulijuana kwamba tunacheka. Mzee yule sikumwona tena na jina lake sikuuliza. Nimemwombea mara nyingi.

Daktari alikuwa kijana. Akaniambia nigonganishe kidole na gumba haraka haraka, nikashindwa mbele yake jambo analoweza mtoto wa chekechea. Akaniambia nitembee koridoni niende nirudi. Akaniuliza kuhusu pua, nikashangaa amejuaje. Kisha akakaa chini, akavuta kiti karibu, akasema pole pole, "Mama, ugonjwa huu haukuui kesho. Hauponi pia, nisikudanganye. Lakini una dawa, na dawa yake ina nguvu. Na ule uso, watu wakisema umenuna, waambie ni ugonjwa. Misuli ya uso nayo imechelewa."

Nililia hapohapo. Gwandu alidhani nalia kwa sababu hauponi. Nilikuwa nalia kwa sababu mtu mwenye koti jeupe amesema kwamba sijanuna.

Nikapewa vidonge, vitatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni. Tukarudi nyumbani na matumaini mengi. Na hapa ndipo nilipofanya, tulipofanya wote wawili, kosa ninalotaka ulikwepe.

Huku kwetu dawa kali haimezwi kwa maji matupu. Itakuchoma tumbo. Mama yangu alinimezesha kwinini kwa maziwa, mama yake Gwandu hivyohivyo. Gwandu aliposikia dawa ina nguvu, aliuza fahali wake akanunua ng'ombe wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe, na kila kidonge akanikamulia mwenyewe. Mwanamume ambaye miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameshika chombo cha jikoni alikuwa anasimama mbele yangu na kikombe kikubwa kimejaa povu, anasema, "Kunywa yote, ishuke vizuri." Nakunywa yote. Ilikuwa miezi mitamu kwa namna yake. Nilijisikia ninapendwa na nilizidi kukakamaa.

Vitunguu vikavunwa, sikufunga fungu hata moja. Nilianza kuganda mlangoni. Mguu unafika kizingiti, unakataa kuvuka, mimi nasukuma, wenyewe umejipanda pale. Kujifunga vifungo vya blauzi ikawa kazi ya asubuhi nzima. Majirani wakaja na ushauri wao: wapo waliosema dawa za hospitali zinaanza kwa kukumaliza, yupo aliyesema nimevunja mwiko fulani na nijitenge na watu mpaka nitakaswe. Nikaanza kuviacha vidonge vya mchana. Nikamwambia Gwandu kwamba tumepewa chaki. Akazidisha maziwa.

Tuliporudi kliniki baridi imekolea, daktari hakuwepo, tukapokelewa na muuguzi mmoja kutoka Kagera, mama mnene, mwenye maswali. Akauliza nameza saa ngapi, nikamwambia. Nameza ngapi, nikamwambia. Kisha akauliza, "Unameza na nini?"

Gwandu akajibu kwa fahari kabla sijafungua mdomo. "Na maziwa, sista. Nakamua mwenyewe. Nusu lita kila kidonge."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Baba," akasema, "unampenda mke wako, hilo nimeliona. Lakini dawa hii na maziwa vinagombea mlango mmoja. Maziwa yana nguvu zaidi, yanaingia, dawa inabaki nje. Maharage pia, nyama pia. Kidonge kwa maji tu, asubiri nusu saa, ndipo ale. Maziwa anywe baadaye, yakiwa mbali na dawa."

Njiani gari likasimama Karatu. Pale Gwandu akasema, "Kumbe ni mimi." Nikamshika mkono kwa mkono wangu unaotetemeka. Nikamwambia, kama kuna mtu wa kulaumiwa ni ng'ombe. Hakucheka, lakini aliuacha mkono wake pale.

Siku ya kwanza ya maji sitaisahau. Saa moja asubuhi nikameza, nikakaa barazani. Jua lilikuwa limefika kwenye ua wa minyaa niliponyanyuka kufukuza kuku, na nikawa nimeshafika kwenye kuku kabla sijakumbuka kwamba siwezi kunyanyuka haraka. Nilisimama katikati ya uwanja nikaangalia miguu yangu kama ya mtu mwingine. Baadaye jirani akapita na mtoto wake, mtoto akasema shikamoo, nikasema marahaba, akaruka. Alikuwa hajasikia sauti yangu tangu aanze shule.

Usidhani nilipona. Kidonge kinanifungua kwa saa tatu, labda nne, kisha nafungwa tena taratibu, kuanzia vidole mpaka uso. Nimejifunza kuishi ndani ya hizo saa. Nikifunguliwa, nafanya yanayohitaji mikono. Nikifungwa, nakaa na rozari.

Nikiwa nimefunguliwa ndipo nilipompigia Emi. Nilimweleza yote, pua, mkono, uso. Nikaongeza na lile ambalo halikuwa la daktari. "Na ni kweli pia kwamba sikumtaka Danieli. Sikumtaka kwa sababu anakupeleka mbali. Hilo si ugonjwa, ni uchoyo wangu. Lakini maziwa sikuyakataa. Nilitaka kuyanywa."

Alikuja wiki ile. Alikaa siku nne, na alinichunguza kama anavyochunguza kitambaa kabla hajakikata. Aliniona nikifunguliwa na aliniona nikifungwa. Siku ya tatu nilikuwa nimefungwa kabisa, nimekaa jikoni, akasimulia kichekesho cha mteja aliyeleta suruali ishonwe sketi. Aliposimulia akanitazama, akaegemea karibu zaidi, akatazama macho yangu tu. "Mama," akasema, "unacheka humo ndani?" Nikapepesa macho. Akainama akalia kwenye magoti yangu, nami sikuweza hata kuuinua mkono nimshike kichwa.

Wakwe wakakubali kurudi. Danieli ndiye aliyembembeleza baba yake, na mzee alikubali kwa sharti moja: kama mama hatakunywa safari hii, hawatakuja mara ya tatu. Kwa hiyo nikapanga siku ile kama wanavyopanga harusi. Tuliwaambia waje saa saba. Nikimeza saa sita, saa saba nitakuwa nimefunguliwa, uso upo, sauti ipo, mkono umetulia. Nitayanywa maziwa yao na kuwatazama nikitabasamu. Nilifanya mazoezi ya tabasamu mbele ya kioo, jambo ambalo sikulifanya hata nilipokuwa msichana.

Saa sita nikameza kwa maji. Saa saba nilikuwa nimefunguliwa vizuri sana, ungenipeleka kucheza ngoma. Saa saba hawakufika. Mvua ilikuwa imenyesha, Danieli akapiga simu kwamba gari limezama kwenye tope karibu na Dongobesh. Saa nane hawajafika. Saa tisa nilisikia vidole vinaanza kukaza. Saa kumi uso ukaanza kuondoka, nikausikia unavyoondoka, mashavu kwanza. Nilikaa kwenye kiti changu nikihesabu. Gwandu akasema nimeze cha saa kumi na moja mapema, muuguzi alisema naruhusiwa kukisogeza kidogo siku ya lazima. Nikameza kwa maji. Nikaambiwa nikae kimya nusu saa nisile chochote.

Hata glasi sijaiweka chini, gari likaingia uwanjani.

Walishuka wamejaa tope mpaka magotini. Baba yake Danieli alikuwa amechoka, ameegemea fimbo yake, lakini alisimama wima mlangoni na kibuyu mikononi, maana hakai mpaka mama wa binti anywe. Akaninyooshea. Emi akajua kabla yangu. "Mama, umemeza sasa hivi."

Mzee akauliza kuna nini. Emi akamweleza, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida. Kwamba mama yake ana ugonjwa. Kwamba uso ule si kinyongo. Kwamba ameshameza dawa dakika hii, na akinywa maziwa juu yake dawa haitafanya kazi, atakakamaa hivi hivi mpaka kesho asubuhi. "Subirini nusu saa tu, baba. Karibuni mkae."

Mzee akakitazama kibuyu, akanitazama mimi. Alifikiri. Kisha akasema, "Kibuyu kikishanyooshwa hakisubirishwi. Basi mama asinywe. Tumeelewa. Hatuwezi kumletea mtu ugonjwa mlangoni kwake. Tukae tu."

Aliniachia. Ningeweza kukaa kimya, desturi ikavunjwa kwa heshima na kila mtu akaridhika. Lakini yule mzee alikuwa amesimama na tope magotini akishika kitu ambacho mara ya kwanza nilikiweka chini kikiwa kimejaa. Nilimwona Emi anavyokiangalia kibuyu. Alikuwa ameshakubali kwamba nisinywe. Nikajua atakubali maisha yake yote, na maisha yake yote atabaki na swali dogo ambalo hataniuliza.

Nikanyoosha mikono yote miwili. Ilitetemeka. Emi akaweka mikono yake juu ya yangu, tukakipeleka mdomoni pamoja. Nilikunywa taratibu, maana kumeza nako kumekuwa kazi. Yalikuwa na ladha ya moshi. Harufu sikuisikia, lakini uchungu wake niliuona ulimini. Hakuna aliyekaa. Nilikunywa mpaka kibuyu kikawa chepesi, mzee akakipokea akakigeuza chini, halikudondoka hata tone.

Basi wakakaa, wakala, wakapanga mambo yao mpaka jua likazama. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye kiti kama sanamu ya kanisani, na Emi alinilisha kwa kijiko.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nakuomba, kidonge kwa maji, subiri nusu saa, maziwa yakae mbali. Mwambie mtu wako mmoja ayatazame macho yako, maana uso utamdanganya. Nimelishika sharti hili kila siku tangu muuguzi yule aweke kalamu chini, na nimelivunja mara moja tu.

Siku hiyo shangazi yake Danieli, ambaye hakuwa amesikia vizuri yale maelezo, aliinama kwa kaka yake, yule mzee, akanong'ona, "Lakini mama bado amenuna." Emi alisikia. Akanigeukia, akanitazama machoni muda mrefu, kijiko bado kimo mkononi mwake.

"Hajanuna," akamwambia shangazi. "Mama anacheka."

Na kweli nilikuwa nacheka.